Ng'ombe Asiye na Mwenyewe

Mimi ni mtu wa kuamka mapema, na hilo ndilo lililoniponza. Ningekuwa mlalaji kama mume wangu, yule ng'ombe angelia mpaka koo limkauke nami nisingejua kama yupo. Lakini kila alfajiri, wakati napuliza moto jikoni, alikuwa anaanza kulia upande wa pili wa ua wa michongoma, nami najikuta nimesimama na kuni mkononi, nasikiliza. Ng'ombe anayedai majani hulia kwa kuachia achia. Huyu alikuwa analia mfululizo, kilio cha kiwele kilichojaa, na aliponyamaza ghafla nilijua jirani yangu ameshachuchumaa chini yake na ndoo.

Kelele haikunisumbua. Nimekulia Machame, ng'ombe wakilia nyuma ya ukuta niliolalia. Kilichonisumbua ni kwamba jirani yangu alikuwa mlengwa. Huku kwetu kila mtu anajua maana yake: jina lako limo katika mpango wa kaya maskini, unapata ruzuku ya serikali, watoto wako wanatakiwa kuonekana shuleni na kliniki, na wewe unatakiwa kuwa maskini na kuendelea kuwa maskini hadi uhakiki mwingine. Maskini mwenye ng'ombe wa kisasa, tena anayekamuliwa asubuhi na jioni, nilikuwa sijawahi kumwona, na sasa nilikuwa namsikia kila siku kabla sijanawa uso.

Tunakaa Olmotonyi, juu ya chuo cha misitu, mahali ambapo ukungu wa Mlima Meru hushuka mpaka kwenye migomba na nguo zikifuliwa hujui zitakauka lini. Mume wangu ni Mwarusha wa hapo hapo, anaendesha lori la mbao. Mimi nashona sare za shule katika chumba nilichopanga Ngarenaro mjini, kati ya fundi wa masufuria na mtu wa kuchomelea mageti. Asubuhi nashuka, jioni napanda, na huko katikati nakaa na cherehani na mawazo yangu. Wakati ule mawazo yote yalikuwa ya ng'ombe.

Jirani ni mdogo kwangu, ananiita dada. Mumewe alikwenda Mererani kuchimba, akawa anatuma salamu, kisha akaacha hata kutuma salamu. Alimwachia watoto na nyumba ya miti na udongo yenye mlango wa bati. Jina lake liliposomwa mara ya kwanza kwenye mkutano wa kijiji, nilinyoosha mkono kumthibitisha. Ndiyo taratibu: haitoshi wao kukuandika, lazima majirani wasikie jina lako na waseme mbele za watu kwamba huyu kweli hana kitu. Nikasema hana kitu. Nilisema kwa sauti, maana sauti ndogo mimi sikujaliwa. Na shule zilipofunguliwa nikawashonea wanawe sare bila kumdai hata uzi.

Kwa hiyo nilipomsikia ng'ombe, wala sikuifikiria serikali. Serikali ina watu wake wa kuilinda. Nilijiona nimefanywa mjinga, na hakuna kitu kinachonipandisha hasira kama hicho.

Usidhani sikujua kwamba ng'ombe anaweza kukaa kwa mtu na asiwe wake. Kwetu Kilimanjaro na hapa Uarusha desturi hiyo ni moja. Mwenye ng'ombe humwekesha kwa mtu mwingine. Maziwa na mbolea ni vya anayefuga, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na miaka ikipita ng'ombe akizaa vizuri, mfugaji naye hukatiwa ndama wake. Na anayefuga hasemi ni wa nani. Ukimuuliza atakwambia ni wa mtu, na hapo maongezi yameisha. Baba yangu alikuwa na ng'ombe kwenye vihamba vya migomba vya watu ambao sisi wanawe tulikuja kuwajua baada ya msiba wake, walipokuja mmoja mmoja na kamba mkononi. Haya yote nilijiambia. Kisha nikajijibu: hata kama si wake, maziwa si anayanywa? Dumu si linatoka kila asubuhi kwa yule mtu wa pikipiki anayepeleka maziwa mjini? Na kama ni wa kuwekeshwa, mbona hakuniambia mimi niliyemsemea mkutanoni?

Labda ningeacha lipite kama si koko. Koko ni bibi kwa lugha ya huku, na huyu tunamwita hivyo wote, wadogo kwa wakubwa. Anakaa chini ya kwetu, kwenye mteremko. Mwanawe alimjengea nyumba ya matofali na kuiezeka bati la rangi, kisha akafariki, akamwachia nyumba na wajukuu. Katika mkutano ule ule ambao mimi nilinyoosha mkono, jina la koko lilikataliwa kwa sababu ya bati. Wakasema mwenye nyumba ya namna ile hawezi kuitwa kaya maskini. Koko akasimama akauliza kama bati linapikwa au linachomwa, watu wakacheka, akakaa chini. Tangu hapo anaishi kwa kuokota na kuuza matawi makavu kwenye msitu wa misonobari. Anayabeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, na akifika kwetu huyatua apumzike.

Siku moja ameyatua, ng'ombe akalia. Tukageuka wote kuangalia upande ule. Koko akasema ana sauti nzuri, huyo ni ng'ombe mwenye afya. Hakuongeza neno. Niliyeongeza ni mimi. Nikamwambia uhakiki umekaribia, majina yatasomwa upya, na asiyestahili ataondoka amwachie anayestahili. Nikamwambia asubiri siku ya mkutano, atasikia. Alinishukuru kwa mikono miwili. Alipojitwisha mzigo wake na kuanza kuteremka, nikajiona nimeshajifunga kamba na mimi.

Kuanzia hapo sikutulia. Namba ya malalamiko ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, nikaihifadhi kwenye simu. Niliandika ujumbe nikaufuta. Niliuandika tena, safari hii kwa adabu zaidi, nikaufuta tena kwa sababu adabu yenyewe ilikuwa ya unafiki. Ningesema nini? Kwamba kuna mama fulani anakunywa maziwa? Ukiliweka hivyo linakuwa jambo la aibu, aibu ya anayesema. Lakini nikimkumbuka koko na ile kamba kwenye paji la uso, naona aibu ni kunyamaza. Niko mashineni nashona mkono wa kushoto mahali pa wa kulia, nafumua, nashona tena, nakosea vile vile. Mteja mmoja alikuja kuchukua sketi ya mwanawe akakuta mifuko miwili upande mmoja. Aliniuliza kama naumwa.

Nyumbani nilimgusia mume wangu. Nilisema tu kwamba jirani anaonekana ameinuka, siku hizi ana ng'ombe. Alikuwa anavua viatu, akaendelea kuvua. Akasema niachane na ng'ombe wa watu. Nikamwambia siyo suala la ng'ombe, ni suala la haki, kuna watu wamenyimwa. Akasema haki ina ofisi zake, mimi nina cherehani. Niliudhika kwa jibu lile siku nzima iliyofuata, hasa kwa vile lilikuwa limetoka haraka mno kwa mtu ambaye ukimuuliza kama atakula, hujibu baada ya kukoroga chai.

Wiki ya mkutano ilipokaribia nilikuwa nimeshaamua. Nitasema, na nitasema hadharani, siyo kwa kujificha nyuma ya simu. Ila sitasema maneno matupu, nitakuwa na picha. Jumamosi ile umeme ukakatika Ngarenaro, cherehani yangu ya umeme ikanyamaza, nikafunga chumba nikapanda nyumbani alasiri, kabla ya saa yangu ya kawaida. Sikupitia hata mlangoni kwangu. Nilikwenda moja kwa moja nyuma, mahali ambapo michongoma imeota hovyo na kuna upenyo, nikainua simu nikaielekeza kwenye banda la jirani.

Ng'ombe alikuwepo, mweusi na madoa meupe, mnene. Jirani alikuwa amechuchumaa anamwosha kiwele kwa maji ya moto. Na kichwani kwa ng'ombe alikuwepo mwanamume, amemshika kamba, anamkuna chini ya taya na kumsemesha taratibu kwa Kimaasai. Koti lake lilikuwa na kiraka kwenye kiwiko. Kiraka kile nilikishona mimi. Kidole kilikuwa kimeshabonyeza, picha ikawa imetoka.

Nitasema ukweli, ng'ombe alinitoka kichwani kabisa. Nilifikiri lile ambalo mwanamke yeyote angefikiri akimkuta mumewe uani kwa mwanamke aliyeachwa. Nilizunguka ua, nikaingia bila hodi. Jirani akasimama na mikono inachuruzika maji. Mume wangu hata kamba hakuiachia.

"Usipige kelele," akaniambia. "Atazuia maziwa."

Sikupiga kelele. Sijui nilizipeleka wapi. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kigoda cha jikoni nikamsubiri, naye akaja baada ya kukamua kwisha, kwa mwendo wake ule ule, akakaa mlangoni. Akanieleza. Ng'ombe ni wake. Alimnunua mnadani akiwa bado mtamba, akamwekesha kwa jirani kwa sababu jirani ana mikono mizuri na hana kelele. Jambo lingine halikuwepo, akasema, na kama nataka nikamuulize jirani mwenyewe. Nilimwamini papo hapo, na nikashangaa kwamba kuamini hakukunipa nafuu. Lile lingine lina maneno yake, mtu unajua pa kuanzia kulia. Hili sikuwa na neno lake. Mwaka uliotangulia nilimwambia paa la mama yangu Machame linavuja, akaniangalia machoni akasema hatuna. Hatuna, na ng'ombe yupo nyuma ya michongoma, na mimi namsikia na kumsema kuwa ni mali ya mwizi.

Nilimuuliza kwa nini. Hakutafuta maneno, nadhani alikuwa nayo siku zote.

"Ng'ombe akiwa zizini kwangu ni wa ndugu zangu, ni wa ndugu zako, ni wa kila mwenye shida," akasema. "Akiwa kwa mtu, ni wangu."

"Na yule mama wakimfuta kwa ajili ya huyo ng'ombe wako?"

"Hawamfuti. Nani atasema?"

Nikamwambia mimi. Nikamwambia nimeshamwahidi koko. Aliniangalia, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ameogopa, na nikafurahi, kisha furaha yenyewe ikanichukiza.

Kesho yake baada ya ibada nilikwenda kwa jirani, safari hii kwa kupiga hodi. Alinipa kiti cha pekee alichonacho, yeye akakaa kwenye dumu. Nilitaka kumgombeza. Nilimwambia angeweza kuninong'oneza tu, mimi si mtu baki, ningejua, nisingehangaika wiki zote hizo. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema ruzuku inamnunulia unga na madaftari ya watoto, na maziwa yanamnunulia yale mengine yote, na kimoja bila kingine hakitoshi. Amejaribu kimoja, anajua. Kisha akasema lile ambalo nilitembea nalo siku zote zilizobaki.

"Niliambiwa nisiseme, dada. Nikimtaja mwenye ng'ombe leo, kesho nani ataniwekesha?"

Nilimuuliza je, wakimuuliza mkutanoni. Akasema atasema ni wa mtu. Nikamwambia hawatakubali, watamfuta. Akasema basi watamfuta. Alisema bila kujionyesha, huku akimwangalia mtoto aliyekuwa anachezea mlango wa bati. Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilivyokwenda. Nilikuwa nimejiandaa kumfichua mwongo, na nimemkuta mtu ambaye yuko tayari kukosa unga kuliko kutoa siri ya mume wangu. Na mume wangu ndiye aliyekuwa anakula ugali kwenye meza yangu, ananiomba nimsogezee chumvi.

Kila jioni nilimwambia asimame mkutanoni aseme mwenyewe. Ni ng'ombe wako, sema ni wako, liishe. Hakukataa wala hakukubali. Alisema tutaona. Tutaona ya mume wangu naijua, ndiyo iliyojenga choo chetu miaka mitano baada ya kukisema.

Siku ya mkutano tulikaa kwenye majani mbele ya ofisi ya kijiji, wanawake tumetandika kanga, wanaume wamesimama kando ya ukuta wakijikinga na upepo. Meru ilikuwa imejifunika mpaka kiunoni. Mwenyekiti alikuwa mezani pamoja na mwezeshaji kutoka halmashauri, binti mpole mwenye viatu visivyoujua udongo wetu. Walianza kusoma majina. Kwa kila jina mwenyekiti alikuwa anauliza kama kuna mwenye la kusema, watu wanasema aendelee, wanahamia lingine. Koko alikuwa amekaa mbele yangu. Lilipofika jina la jirani, aligeuka akaniangalia.

Niliangalia chini. Nilikuwa nimejiambia kwamba mume wangu akiwaona watu wanakaribia kumwonea yule mama, atasema. Nilitaka nimpe nafasi. Hayo ndiyo niliyojiambia, lakini nadhani nilikuwa naogopa tu kuchekwa.

Koko hakungoja zaidi. Akanyoosha mkono, akainuka kwa kujisukuma na magoti, akasema yeye ni mzee na hapendi maneno, lakini yule mama ana ng'ombe wa maziwa, kila mtu anamsikia, na yeye koko amenyimwa kwa bati. Akasema jirani yake wa karibu anajua zaidi. Akanionyesha mimi.

Mwenyekiti hakuniuliza mimi kwanza. Alimuuliza jirani kama ni kweli. Jirani akasimama akasema ng'ombe yupo. Akaulizwa ni wa nani. Akasema ni wa mtu. Watu wakacheka, maana kila mtu pale ama amewekesha au amewekeshwa, na kila mtu anajua kwamba jibu lile laweza kuwa kweli na laweza kuwa la kujikinga. Mwenyekiti akasema mtu huyo atajwe, vinginevyo ng'ombe atahesabiwa kuwa ni wa kaya hiyo. Jirani akarudia, ni wa mtu. Akaunganisha mikono mbele.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa katikati ya wenzake, ameegemea ukuta, anasafisha kucha kwa kijiti. Nilimpa muda. Kile kijiti kiliendelea kutembea kutoka kidole kimoja kwenda kingine. Mwezeshaji alikuwa ameshainua kalamu.

"Ng'ombe ni wetu," nikasema. "Ni wa mume wangu. Amemwekesha."

Walicheka wanaume kwanza, kicheko cha kumcheka mwenzao aliyekamatwa, kisha wanawake, na chao kilikuwa kirefu zaidi. Mwanamume mmoja akauliza kama nilikuwa sijui siku zote hizo. Nikamwambia nilikuwa sijui, na kama ana uhakika mkewe anajua vyake, asimame aseme. Wanaume walitulia. Mume wangu akatupa kijiti. Alipoulizwa akasema ndiyo, ni wake, kwa sauti ya mtu anayeulizwa jina hospitali.

Nilidhani imekwisha. Nilikuwa hata nimeanza kupumua. Lakini mwezeshaji alinong'ona na mwenyekiti, kisha akasimama akaeleza kwa upole kwamba mama atabaki katika mpango kwa kuwa ng'ombe si wake, ila ili hali ya kaya ionekane ilivyo, na malalamiko yasirudi, ng'ombe arudi kwa mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Ilionekana ni hukumu nzuri. Mimi pia nilipiga makofi mawili matatu kabla sijaelewa nimepigia nini. Na koko alipouliza kuhusu jina lake, akaambiwa kwamba kwa kuwa hakuna aliyeondoka, hakuna nafasi.

Jioni ile ile jirani alimleta ng'ombe mwenyewe. Alimvuta kwa kamba, ndama akifuata nyuma, na mzigo wa majani ya kumtuliza juu ya kichwa. Watoto wake walimsindikiza hadi kwenye kona ya ua, hawakuingia. Alimfunga kwenye mgomba wetu, akanionyesha chuchu moja ambayo ni ngumu, akasema niianze hiyo. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo hakuniletea. Nilimwambia nilitaka kumsaidia. Akasema anajua, akaniaga.

Mume wangu hakusema nami kwa siku kadhaa. Ndugu zake walianza kupita, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na shida yake, na kila mmoja akimwangalia kwanza ng'ombe kabla ya kuniamkia. Hapo nilimwelewa mume wangu kidogo, ingawa sikumwambia. Na ng'ombe naye akanigomea. Nilikaa chini yake alfajiri na ndoo, nikaanza na chuchu ngumu kama nilivyoelekezwa, akapiga teke, ndoo ikaenda zake. Kesho yake hivyo hivyo. Kiwele kilijaa mpaka kikawa kinang'aa, analia mfululizo, sasa ni uani kwangu, na kijiji kizima kinasikia.

Alfajiri moja jirani akaja kwa kupitia ule upenyo wa nyuma. Hakusalimia. Alichukua ndoo mkononi mwangu, akakaa, akamsemesha ng'ombe, na maziwa yakashuka. Alipomaliza nikaleta ndoo nyingine nikammiminia nusu. Alikataa mara moja, kwa mdomo tu, kisha akaifunika kwa kanga akapita pale pale alipopitia. Kesho yake akaja tena. Hatukuwahi kupatana kwa maneno. Anakuja, anakamua, tunagawana, anaondoka kabla hakujapambazuka vizuri, na mimi nasimama uani kuangalia kama kuna mtu njiani.

Kwa sheria ya mkutano ule najua hili ni nini. Najua pia wanawe wanaonekana vizuri. Nikiwa mashineni huwaza siku moja kwamba nimefanya jambo jema, na siku nyingine kwamba nimehamisha tu udanganyifu kutoka uani kwake kuja kwangu. Ile namba ya malalamiko bado imo kwenye simu yangu, chini ya picha ya mume wangu na ng'ombe, na sijaifuta.

Juzi koko alipita na mzigo wake, akautua pale pale anapoutua siku zote. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. Tuliongea kuhusu mvua. Kisha akasema siku hizi hata yeye usingizi umekimbia, anaamka mapema mno, anakaa mlangoni, na kutoka kule mteremkoni anamwona jirani akipenya kwenye michongoma na ndoo iliyofunikwa.

"Mama," akaniuliza, "ungekuwa mimi ungesema?"

Aliuliza kwa kutaka kujua, bila kejeli yoyote, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa mtu wake wa haki. Ikanijia kwamba katika kugawana kwetu kote, nusu huku na nusu kule, hakuna siku niliyomtumia koko hata kikombe. Nikaingia jikoni, nikapasha chai, nikatoka na birika, kikombe na jagi la maziwa ya asubuhi ile, nikammiminia chai, kisha nikainama kumwongezea maziwa.

Koko akaweka kiganja juu ya kikombe. Akasema chai ya rangi inatosha.